Kufuli Lililoning'inia

Mdogo wangu,

Fundi wa kuchomelea alikuwa hapa leo asubuhi. Amesema kufuli la ule mlango wa nondo uliomwekea Baba halikuvunjwa na mtu. Amelikagua mbele yangu: halina alama ya nyundo wala ya msumeno.

Nimetanguliza hilo kwa sababu najua tangu nikupigie simu roho yako iko juu juu. Sasa marahaba, maana najua umeniamkia. Mimi ni mzima, ila magoti yananisema nikipanda ngazi. Wewe hujambo? Shemeji je, na kifua chake? Baba ana mchubuko kwenye paji la uso, lakini anakula vizuri. Yaliyobaki nimeona niyaandike, kwa kuwa kwenye simu huniachi nikamaliza.

Jumatatu asubuhi Baba aliteleza bafuni. Mshonaji wa chumba cha mbele alisikia beseni likianguka, akaita, asijibiwe. Akavuta mlango wa nondo, ukafunguka. Alimkuta sakafuni kati ya ndoo na ukuta, amelowa, hawezi kuinuka. Alimwita mumewe wakamnyanyua. Nilipofika, Baba alikuwa amekaa kitandani akimwambia mshonaji kwamba cherehani yake ina kelele kuliko lile beseni.

Mimi nikaona kufuli linaning'inia wazi, nikajua wezi wamepita. Usinicheke. Mwezi uliopita walivunja kwa mwalimu mstaafu wa ghorofa ya chini, na mpaka leo anasogeza kabati mlangoni kila jioni. Ndiyo maana tulikubaliana upesi vile kwamba Jumapili uje na lori, Baba ahamie kwako.

Fundi alipoondoka nilimuuliza Baba. Alitazama dirisha kwanza. Kisha akasema hajalifunga hata siku moja. Hulitundika tu bila kulibana, ili mtu akiwa kwenye ngazi aone limefungwa. Hata mimi lilinidanganya kila nikija. Alinikumbusha kwamba amelinda maghala ya watu mpaka akastaafu, na kwamba mwizi huanza kwa kutazama kwa mbali. Nikamwambia mwizi ana mikono pia.

Akanijibu taratibu: "Mwizi akiingia atachukua redio. Nikianguka humu nimejifungia, nani atanichukua mimi?"

Akasema nimwambie Inspekta (ndiyo wewe, tangu siku ile ulipoleta mlango) kwamba hakukatai. Lakini kwako asubuhi mnatoka wote na geti mnalifunga kwa nje. Alipokaa kwenu kuuguza jicho, anasema, kutwa nzima alikuwa akisikiliza friji. Hapa akipiga chafya tu, mshonaji anamuuliza kama amemeza dawa.

Usidhani amenishinda kwa maneno. Naogopa. Wale waliomvunjia mwalimu hawajakamatwa, na kufuli la kutundika halizuii mtu aliyedhamiria. Naogopa nikimwacha hapa, naogopa nikifikiria ameketi nyuma ya geti lako.

Kuna na hili, ambalo sijamwambia yeyote. Mvi zangu unazijua, na unajua naishi peke yangu. Tangu Jumatatu siwezi kulifunga komeo la mlango wangu nikatulia. Nalifunga, nawaza bafu, narudi kulifungua. Nikisikia viatu nje, nalifunga tena. Tulikuwa tukimpangia Baba kana kwamba uzee ni wake peke yake. Kumbe na mimi nimeshafika kwenye mlango huo huo, na sijui nitake ufungwe au uachwe.

Lori sijalifuta. Hilo utalifuta mwenyewe, ukiona inafaa. Nilichofanya ni kumpigia fundi simu, nikamwagiza kitasa kinachofunguka kwa mkono ukiwa ndani na kwa ufunguo ukiwa nje. Ufunguo mmoja atakaa nao mshonaji, naye amekubali. Baba ana sharti lake: uje siku kitakapowekwa, usimame nje huna ufunguo, yeye aangushe beseni, muone nani atakufungulia.

Msalimie shemeji, mwambie asiache kujifunika kifua. Watoto wabusu kwa niaba yangu. Baba anakusalimu, na anaomba uje na betri za redio.

Fundi anarudi Jumamosi, saa nne asubuhi.

Dada yako