Mawese kwenye Mpira wa Mashine

Mama Deo,

Mashine yako ya kudurufu imenisumbua wiki nzima. Nasema yako, ingawa parokia ilitukabidhi sote wawili. Mimi nilikuwa mpokea karatasi tu. Mpini ulikuwa wako.

Tangu tukuzike, meli imeanza tena kuwarudisha wakimbizi wenzetu Burundi. Alhamisi zinaondoka familia za hapa Ujiji na za Mwamgongo. Watoto wao wamezaliwa huku. Kirundi wanakisikia nyumbani, ila hawajawahi kukisoma, na wakifika shule za kule watakaa nyuma kama mabubu. Nilitaka kila mtoto apande meli na zile kurasa za kusomea tulizozitunga pamoja, mimi na wewe, barazani.

Nikaweka stensili, ile karatasi ya nta yenye maandishi, nikaanza kuzungusha. Mashine ikavuta karatasi mbili kwa pamoja, ya juu ina maandishi, ya chini nyeupe. Nikakumbuka unyevu wa ziwa. Nikafanya ulivyokuwa ukifanya: nikazianika juani, nikazipepea kwa kidole gumba kama mcheza karata, nikazigonga mezani mpaka zikalingana. Zikaacha kugandana. Lakini sasa ikawa haivuti hata moja. Nikalegeza vibao vya pembeni, nikidhani vimebana. Wapi. Mpira wa kuvutia karatasi unazunguka, yenyewe imelala palepale.

Nikajikuta naihutubia, kama zamani. Nikakusikia kabisa: "Mwalimu, haina masikio hiyo. Iguse."

Nikaugusa mpira. Unateleza. Nikanusa kidole: mawese.

Zaituni, jirani yetu, hakuficha. Alipokuja kunifagilia chumba, karatasi zikiwa juani, aliona mpira umepasukapasuka kama kisigino, akaupaka. Hapa nani hapaki mawese? Bawaba ikilia tunapaka, ngozi ikikauka tunapaka. "Shemeji," akaniambia, "niliona aibu kitu cha mwenzangu kinapauka." Utamgombeza vipi mtu wa namna hiyo?

Tukauosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, mpaka kitambaa kikaacha kutoka na wekundu. Ulipokauka nikaupitishia msasa laini, kidogo tu, ili ushike. Akazungusha yeye. Ikatoka moja. Ikatoka nyingine, peke yake, imenyooka. Nilimwomba apunguze kasi, akasema ulishamwonya kwamba kazini mimi ni mtu wa kunung'unika. Sikujua kama mlikuwa mkinisengenya. Nilifurahi, Mama Deo. Nilifurahi, kisha ikabidi nitoke nje kidogo.

Jana mama mmoja wa Mwamgongo alikuja kuchukua za wanawe. Akazitazama kwa muda mrefu, akazifunga ndani ya kanga. Halafu akasema, "Mwalimu, mimi sijui kusoma. Nani atawasomea?"

Nilikuwa na jibu la haraka, kwamba kule walimu wapo. Badala ya kulitoa nikakumbuka maneno yangu mwenyewe. Kila walipokuja waandikishaji wa wanaorudi nilikuwa nawaambia mimi sirudi, mke wangu yuko hapa, na hakuna aliyethubutu kubishana nami. Lakini wewe hungeyakubali maneno hayo. Ungeniuliza tulikuwa tunahangaika na wino miaka yote hiyo kwa ajili ya nani.

Nimejiandikisha. Ni mzee, sijui kama kijijini kwetu kuna anayenikumbuka, wala kama shamba la baba yangu bado lina mpaka. Naogopa, nakwambia wewe peke yako. Mashine namwachia Zaituni, aitunze mpaka parokia iihitaji. Na kaburi lako pia ameniambia niliache mikononi mwake, magugu hatayaruhusu. Nimemsihi tu, huko asipake kitu.

Kwaheri, mke wangu. Tulivuka ziwa hili pamoja, na sasa navuka bila wewe. Nakuahidi hivi: somo la kwanza nitakalowafundisha ni lile la mama anayepanda maharage, ulilolitunga wewe. Watoto wakiuliza ni la nani, nitawatajia jina lako lote, kisha nitawaonyesha kwa mkono upande ulipo Ujiji.

Mumeo