Mama Yako Alitaka Kukusikia Ukipanda

Hamisi, binamu yangu, mume wangu wa uongo,

Shikamoo sikupi. Ulikuwa huistahili ukiwa hai, na kufa hakujakuongezea umri. Nakuandikia kwa sababu tangu ulipoondoka sina wa kumtukana, na matusi yamenikaa kifuani kama kikohozi. Walio hai wanakasirika.

Nianze na habari za nyumbani. Mkeo amerudi kwao Pande na mtoto. Hakufukuzwa na mtu, ameshindwa tu kulala mle chumbani. Mama yako, shangazi yangu, yuko peke yake Kitomanga. Mikorosho imezaa vizuri, korosho zinaanguka na kuokotwa na wapita njia, naye anaziangalia tu. Mimi bado nauza mitungi ya gesi mjini Lindi. Kilima napanda bado kwa gari, kwenye mashindano yetu yale, au niseme nilikuwa napanda.

Lakini homa, Hamisi? Wewe? Mtu uliyekuwa ukipandisha gari kama unafukuzwa na nyuki, ukaja kufa kitandani, umefunikwa blanketi? Sote tulijua kona ya juu ndiyo itakayokuua. Tulikuwa tumeshajiandaa kwa hilo, ndiyo maana ulipoanza kutetemeka hatukuogopa. Nilikwambia unaumwa hofu ya mashindano. Ukacheka, kisha ukaomba maji.

Siku ya arobaini nilifanya kazi yangu. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani, na mtani ana wajibu wake msibani. Nikavaa suruali yako yenye madoa ya oili, nikavaa helmeti yako, nikatanguliza tumbo, nikazunguka uani kwa ule mwendo wako wa siku ukishinda: "Jamani nipisheni, barabara yangu hiyo!" Ustadhi aligeuza uso, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Mama yako alicheka mpaka akauma kanga. Halafu akaacha kucheka, akabaki kunitazama. Baadaye akaniita nyuma ya jiko.

Unakumbuka alivyokuwa akihudhuria mashindano yako. Hakukaa kileleni na watu. Alitandika mkeka juu kidogo ya kona, akaipa barabara mgongo, kwa sababu kuangalia aliogopa. Alikufuata kwa masikio. Magari ya wengine yalikuwa yananyamaza kidogo kabla ya kona, ndipo yanaanza kunguruma tena. Lako lilikuwa linapita likipiga kelele ile ile tangu chini. Likishapita, anasema alhamdulillahi na kujimiminia chai. Basi siku hiyo nyuma ya jiko aliniambia, "Lile gari lingali uani. Lipandishe mara moja tu, mwanangu. Nimsikie, basi."

Ningesema nini? Kama niliweza kutembea kama wewe, nilidhani na kuendesha nitaweza.

Wikiendi ya mashindano ikafika. Ni yale yale unayoyajua: Jumamosi mazoezi, Jumapili kupimwa kwa saa, kila gari linapanda peke yake na mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Na watu ni wale wale. Mwalimu alikuja na gari la mkewe, mkewe hana habari. Mnunuzi wa korosho bado anaendesha kwa mdomo. Nilipoingia na kigari chako cha bluu wote waligeuka kukitazama. Mwalimu akainama akanikagulia matairi bila kuombwa, na alichukua muda mrefu kuinuka.

Jumamosi nilipanda vizuri. Miguu yangu mifupi, niliweka mto nyuma ya mgongo. Mambo yalikwenda sawa mpaka kwenye kona. Wewe ulikuwa ukiniambia pale usiguse breki, shika gia ya pili na mengine mwachie Mungu. Niligusa. Niligusa kidogo sana, Hamisi, kama mtu anayebisha hodi usiku. Nilipofika juu walinipigia makofi, maana nilikuwa sijawahi kupanda haraka vile. Nikashuka kwa miguu kwa shangazi. Nikamkuta anakunja mkeka.

"Si yeye," akasema. "Mwanangu pale hapumui."

Jumapili asubuhi, kabla hawajaanza, nilikwenda kuitazama ile kona kwa miguu. Njia ipo. Kwa miaka yote nilikuita mwendawazimu, kumbe kulikuwa na njia kweli, nyembamba, upande wa ndani ambako kokoto ni chache. Inamtaka mtu asiye na shaka. Mimi shaka ninayo, na nilipanda nayo.

Sikugusa breki. Nakuapia, kwa kitambo kidogo nilikuwa wewe. Ile kelele niliyoisikia miaka yote nikiwa nje, nikaisikia kutoka ndani, na nilifurahi! Nikasema moyoni, kumbe ndivyo ilivyokuwa. Furaha yenyewe haikumaliza kona. Gari likateleza upande wa nyuma, likagonga ukingo, likaingia mtaroni, likazimika. Mimi nilichanika mdomo tu. Gari lako mbele limekunjamana, rejeta imeingia kwenye injini.

Vumbi likatua, na kukawa kimya. Hapo ndipo nilipomkumbuka aliyekaa juu akiipa barabara mgongo. Alikuwa amemsikia mwanawe anakuja, anakuja, ni yeye kabisa, halafu hamna. Wewe na wazimu wako wote hukuwahi kumsikilizisha kimya kile. Nimemsikilizisha mimi, niliyekuja kumfariji.

Nilitokea dirishani. Nikamwona anateremka barabarani miguu mitupu, kichwa wazi. Shangazi, asiyetoka hata uani bila kanga! Alikuwa anaita kwa sauti. Hakuwa ananiita mimi.

Aliponifikia alinishika uso kwa mikono miwili, akanitazama. "Ni wewe," akasema. Nilitafuta furaha katika maneno hayo, Mungu anisamehe, nilitafuta sana na sikuiona. Ndipo akalia kilio ambacho hakukilia siku tulipokuzika. "Nilishamzika, Zuhura," akasema. "Nilikuwa nimeshamzika."

Trekta lilivuta gari mpaka uani kwake. Kuku wanataga kwenye kiti chako. Kila Ijumaa nakwenda kumwona, ananipokea vizuri, ananipa chai, ananiuliza habari za biashara kama mgeni aliyetoka mbali. Ijumaa iliyopita nilijaribu kumchangamsha, nikatanguliza tumbo pale mlangoni. Akainua mkono. "Basi, mama," akasema. "Basi." Akaendelea kuchagua mchele.

Mwalimu ananiambia nirudi mashindanoni na gari langu. Nirudi kufanya nini? Kila nilichokijua pale kilimani nilikijua ili nikushinde wewe, na sikukushinda hata mara moja. Nikishika nafasi ya kwanza sasa, itakuwa nimepewa na kaburi. Watu wananiambia muda utaponya. Sioni unaponya nini. Mama yako anazidi kukonda, na aliyemchekesha mwisho ni mimi, na aliyemliza mwisho ni mimi.

Sasa nikuache. Nilidhani matusi niliyokuwekea ni mengi, kumbe yalikuwa haya tu. Mola akupanulie hapo ulipo, maana hukupenda kubanwa. Nakuahidi jambo moja, nalo kwangu ni gumu kuliko kilima: sitakuigiza tena. Nikiingia kwa mama yako nitaingia kwa mwendo wangu mwenyewe, nitakaa naye, tutachagua mchele, na mbele yake nitakuacha uwe umekufa.

Ni mimi mtani wako,
Zuhura