Vidonge vya Tengetile

Mankayane, Eswatini,
14 Juni 2022.

Mpendwa mdogo wangu Nomcebo,

Hujambo huko Johannesburg? Kile kifua kimepona? Baridi ya huku inatukong'ota, lakini wote tu wazima. Hilo neno "wazima" nimeliandika nikitabasamu, soma utaelewa.

Mwezi uliopita nilinyanyua mkoba wa shule wa binti yako Tengetile, nikasikia vidonge vikicheza ndani ya kopo. Nani kwetu asiyeujua mlio ule? Nikajua mtoto keshapata virusi vya UKIMWI. Miaka kumi na saba tu! Nililia jikoni peke yangu mpaka sima ikaungua.

Unatujua ukoo wa Matsebula, mambo hayo hatuulizani. Tunalishana. Nikamchinjia kuku, asubuhi uji mchachu, jioni maini, na maziwa ya mgando kila akipita. Mwishowe akanitazama:

"Mama mkubwa, ng'ombe wa mahari wameshafika nini? Mbona unaninenepesha hivi?"

Nikaangua kilio, nikamwonyesha mkoba. Mwenzangu akacheka mpaka akakaa chini! Kumbe vile ni vya kinga, vya mtu asiye na virusi, kavifuata mwenyewe kliniki. Sikumwamini. Nikamburuta kwa nesi, akapimwa tena mbele yangu. Hana, Nomcebo! Nilimkumbatia nesi wa watu mpaka kofia ikamdondoka.

Njiani akanieleza wenzake wanavyowaza. "Darasani wanaogopa mimba, maana tumbo linaonekana. Virusi havionekani, basi wanasema kijana wa kwaya hawezi kuwa navyo. Wangu mimi anaimba kwaya. Nampenda, lakini macho yangu si kipimo. Kondomu tunatumia, na vidonge nameza."

Ndiyo, kuna kijana. Nilitaka kuwaka, hasira ikakataa kuja, furaha ilikuwa imenijaa mno. Nikamuuliza tu kwa nini alinificha.

"Mama mkubwa, kuku ulinichinjia ukidhani naumwa. Ningekuambia najikinga, ungenichinjia?"

Nikamshika mkono. Tulitembea hivyo hadi nyumbani.

Jumapili atakupigia simu akuambie mwenyewe. Anaogopa, ingawa anajifanya jabali. Nakuomba usimfokee.

Msalimu shemeji Mfanukhona. Bibi LaNkambule anakusalimu sana, meno yake mapya yamemkaa. Mungu akulinde huko uliko kama alivyotulindia huyu mtoto.

Dada yako akupendaye,
Khetsiwe