Nilimpa Tatu, Kumbe Alipata Tisa

Mama Mushauri,

Nakusalimu kwa heshima na naomba unisikilize mpaka mwisho hata kama utanichukia, kwani mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Likasi, na kwa miaka mitatu nimeficha kosa moja ambalo mke wangu peke yake ndiye analijua.

Mwaka wa 1992 shule ya wauguzi ilitupa nafasi moja, na prefe, yaani mkuu wetu wa shule, akaniambia nitunge mtihani wa kumchagua mwanafunzi mmoja, na kwa kuwa karatasi zilikuwa hazipatikani nilipiga chapa ukurasa mmoja tu, maswali kumi ya vipimo vya dawa, kila swali na kisanduku chake, mwanafunzi aandike jibu bila kuonyesha njia, na katika maswali sita nilitaka tarakimu tatu nyuma ya koma.

Kulikuwa na binti mmoja, Clotilde, mtoto wa Alphonse wa kiwandani, aliyekuwa amesoma miaka minne kwa mjomba wake Kitwe, Zambia, na huko wanaweka nukta pale sisi tunapoweka koma, basi jibu lilikuwa 1,250, yeye akaandika 1.250, na kwetu hiyo ni elfu moja mia mbili na hamsini, nikapiga msalaba mwekundu kwa maswali yote sita, nikampa tatu juu ya kumi, na nafasi ikaenda kwa Fidèle aliyepata saba.

Siku ya matokeo alinifuata uwanjani, karatasi mkononi.

“Mwalimu, hii point yangu njo virgule, koma yenu. Kule Kitwe banaandika vile. Jibu nilikuwa nalijua.”

“Hapa haiko Zambia,” nikamjibu mbele ya wenzake, wakacheka. “Muuguzi mwenye kukosea virgule anaua muntu.”

Nikamnyang’anya ile karatasi. Mama, nilijua palepale kwamba anasema kweli, maana ni nani atamdunga mtoto mililita elfu moja, lakini nilikuwa nimekwisha kusoma jina la Fidèle mbele ya prefe na wazazi, nikaona aibu kurudi nyuma. Jumamosi ile nilisahihisha upya nikiwa peke yangu. Tisa. Nikaifungia karatasi sandukuni.

Baba yake, ambaye mshahara wa kiwandani ulikuwa umekwisha kukatika, alisema kama shule imemkataa basi aende kwa bwana, na kabla ya mwaka kwisha akaozwa kwa mfanyabiashara wa Kakanda.

Sasa mwezi uliopita nilikutana na mama yake, Mama Madeleine, sokoni Kikula, akanisimulia kwamba mtoto wa Clotilde alishikwa na homa kali, akapewa kinini ya matone, dawa ya malaria, Clotilde akasoma kikaratasi na kusema matone ni sita, jirani akasema hapana, ni kijiko kizima, na Clotilde akanyamaza akamwachia jirani. Mtoto alipona homa, lakini kinini ilizidi ikamharibu masikio, na sasa hasikii tena.

“Njo vile, Mwalimu,” Mama Madeleine akaniambia. “Mutoto wangu hana kichwa ya hesabu. Weye mwenyewe ulituonyesha.”

Na akanishukuru! Mke wangu ananiambia ninyamaze, kwamba serikali hailipi na wazazi ndio wanaotulisha sisi walimu sasa, wakijua watatoa watoto wao, nasi tutakula nini, na je, nikisema, nitayafungua masikio ya yule mtoto? Nifanye nini, Mama?

Mwalimu, Likasi

*

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nililia. Majina yote nimeyabadilisha.

Kukosea nukta na koma si dhambi. Ulikuwa na karatasi moja na macho yaliyochoka, hata mimi ningekosea. Lakini binti alikuja akakuonyesha kosa kwa kidole, nawe ukamfanya achekwe na watu. Hapo ndipo penye shauri lako, usijifiche nyuma ya koma.

Kinini hukuipima wewe, na huo mzigo usiubebe wote. Lakini mama aliyejua matone sita alinyamaza, kwa kuwa wewe ulimfundisha kwamba majibu yake hayafai. Na kila siku unayoendelea kukaa kimya, unamfundisha tena.

Unaniuliza kama masikio yatafunguka. Hapana. Nafasi nayo haitarudi, Fidèle aliipata bila hila, mwache amalize. Usiende Kakanda na ahadi ya kurudisha chochote.

Nenda na karatasi ile. Pitia kwanza kwa Alphonse na Mama Madeleine, uwaambie wao wenyewe, na uwaombe mfuatane. Kule kaeni wote pamoja, na bwana yake awepo. Mwambie Clotilde: “Ulipata tisa. Nilijua, nikaficha.” Andika tisa kwa wino, tia sahihi yako, mpe mkononi mwake, si mkononi mwa bwana. Usimtajie mshahara, wala njaa ya nyumbani kwako. Akikufukuza, ondoka. Akitaka kukutukana, kaa usikie mpaka amalize. Msamaha usimwombe siku hiyo, maana ataona analazimishwa kukupa kitu tena.

Ukirudi, mwambie prefe. Na katika mtihani wako ujao, andika ubaoni jinsi jibu linavyotakiwa kuandikwa, uwaachie watoto nafasi ya kuonyesha njia, hata kama ni nyuma ya karatasi iliyotumika. Mke wako anaogopa njaa, namwelewa, kila nyumba hapa inaiogopa. Lakini mwulize kama angependa binti yake afundishwe na mtu anayejua tisa na kuandika tatu.

Lori la Kakanda linaondoka sokoni Kikula Alhamisi asubuhi. Usiniandikie tena kabla hujalipanda.