Koti la Baba Limefuliwa

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya mashahidi wawili ambao ni mama na paka, natangaza rasmi kwamba kaka yako ameteuliwa kuwa Msimamizi Mkuu wa Masinki, Vioo na Mashuka ya nyumba hii. Uteuzi umeanza mara moja. Hauna mshahara wala posho, na mteuliwa hakuulizwa. Wifi yako aliutangaza akiwa ameshika ufagio, kwa hiyo sikuona sababu ya kupinga.

Nimetanguliza tangazo kabla ya salamu, na mama angejua angenikata jicho. Haya, hujambo? Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko? Na lile goti ulilogonga kwenye ngazi za kazini, limepona au bado unatembea kama mtu anayehesabu hatua? Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mama anakula, ila kidogo, na ukimwongezea anakwambia ameshiba tangu jana. Wifi yako hajambo. Mgongo wangu unalalamika, lakini umelalamika tangu wewe uko darasa la tatu, nimeshauzoea kama redio ya jirani.

Ndani ya kifurushi hiki utalikuta koti la baba. Ni safi, kama nilivyokueleza kwenye simu Jumapili iliyopita, na ninajua kabisa kuwa usafi sio ulichoomba. Ulinyimwa ruhusa ya kuja kumzika, ukaomba koti tu pamoja na harufu yake. Mimi nakutumia kitambaa. Nitalirudia hilo humu humu kwenye barua. Naona haya kulianza, acha kwanza nikupe habari za nyumbani.

Nyumba imekuwa kubwa, sijui nikuelezeje. Kitanda cha baba tumekisimamisha ukutani, na pale kilipokuwa pamebaki alama nne za miguu yake kwenye sakafu. Nimezisugua, hazitoki. Asubuhi mama bado anatoa vikombe vinne. Anakitazama cha nne, anakipangusa kama kilikuwa na vumbi, anakirudisha kabatini. Tunakunywa chai.

Kazi ya saa nayo inasuasua. Watu siku hizi wanatazama saa kwenye simu. Juzi aliingia bwana mmoja amevaa saa ya mkono, nikasimama kwa furaha mpaka nikaangusha koleo, kumbe anauliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha. Alipotoka alinishukuru sana. Ndiye mteja wangu wa wiki.

Uliniuliza imekuwaje nyumba ya fundi saa ikageuka kiwanda cha sabuni. Ni kwa sababu ya mashuka. Miezi ile ya mwisho ya baba tulikuwa tunafua kila siku, siku nyingine mara mbili, na sabuni ya dukani ilikuwa inaisha hata hatujaelewa imekwenda wapi. Sista, yule muuguzi mstaafu wa nyumba ya nyuma, ndiye aliyekuwa anakuja kumfunga baba kidonda cha mguu. Siku moja alisimama uani akatutazama mimi na wifi yako tunavyokamua.

“Nyie watu,” akasema, “mnafua wodi nzima kwa sabuni ya kunawia mikono! Fundi, vuka kwangu nikufundishe. Hiyo mikono si ndiyo inayojua vitu vidogo?”

Nikavuka. Si kazi ngumu kuieleza. Unakuna mche wa sabuni kwa kikwaruzo cha karoti, unauyeyusha kwenye maji ya moto bila kuyaacha yatokote, unamimina magadi uliyokwisha kuyakoroga pembeni, halafu unakoroga. Unakoroga upande mmoja, polepole, na husimami mpaka ndoo ipoe. Hapo Sista hana mchezo. Ukiuacha mwiko hata kidogo tu, mabonge yanapanda juu na maji yanabaki chini, na hakuna dawa ya kuyarudisha pamoja. Ikigawanyika hivyo, Sista husema imekataa. Ikishikana ikawa laini kama uji wa mgonjwa, imekubali.

Yangu ilikataa mara nne. Ya kwanza ilikuwa maji ya kuoshea miguu. Ya pili ikawa jiwe, ndoo ikapasuka kabla sabuni haijatoka. Ya tatu nilizidisha magadi, vidole vikachubuka, nikakaa wiki nzima mezani nimevaa glavu, nafungua saa kama daktari wa upasuaji. Ya nne sitaki kuizungumzia, paka ndiye anayeijua. Baba alikuwa akisikia habari hizi kitandani, anacheka mpaka anakohoa. “Fundi wa saa,” anasema, “anapigwa na povu!” Nilikuwa napenda kumchekesha. Hakikuwa na mengi tena ya kumchekesha kitanda kile.

Tukaendelea na mengine. Siki na maji, nusu kwa nusu, kwa vioo. Chumvi na limau kwa masinki. Majivu yaliyochekechwa kwa masufuria, na hapo wifi yako hakubali mtu amsaidie. Nawe huko ukijaribu, zingatia jambo moja ambalo Sista alinirudishia mara tatu akiwa amenishika sikio: siki usiichanganye kamwe na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Moshi wake unakamata kifua, na wewe kifua huna cha kuchezea.

Kwa hiyo sasa nyumba yote inanukia limau. Wageni wanasifu wakiingia. Mama akishawasindikiza, anafungua madirisha.

Sasa koti. Miezi mitatu baba hakulivua, hata mashuka yakibadilishwa. Alisema ile baridi inatoka ndani ya mifupa. Ni lile la kahawia alilokwenda nalo kazini kwa wapiga chapa miaka yote, lenye wino kwenye ncha za mikono na pipi za kikohozi mfukoni. Wewe ndiye uliyekuwa unalikimbilia mlangoni jioni, unauficha uso wako humo mpaka mama anakuja kukubandua. Ulikuwa unasema baba ananukia gazeti. Mimi nilikuwa mkubwa tayari, nilikuwa nasimama pembeni najifanya sijali.

Siku ya tatu baada ya mazishi ulinitumia ujumbe: “Kaka, koti la baba lisafirishwe. Harufu yake inatosha.” Nilikwambia kwenye simu kwamba mimi nilisoma “lisafishwe”. Herufi mbili tu zimeniponyoka, nikasema, na ukishaziondoa hizo, maneno yanayofuata yanageuka yenyewe: harufu yake inatosha, yaani imezidi, hebu lipelekwe kwenye maji. Niliwaambia hivyo mama, wifi yako na Sista. Wifi yako alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

“Mume wangu,” akasema, “wewe unayeona kijiskrubu kilichoanguka kwenye zulia, umeshindwa kuona herufi mbili?”

“Uzee,” nikamjibu.

“Uzee gani? Juzi umeiona mvi yangu moja kutoka mlangoni!”

Wewe nawe ulicheka. Kisha pakawa kimya, ukasema mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzima, Kitinda. Nilikuwa nakusikia unavyovuta pumzi.

Mama peke yake ndiye ambaye hakucheka. Alilikuta koti kwenye kamba bado linachuruzika, akashika mkono mmoja wa koti, akaunyanyua kidogo. “Limekuwa jepesi,” akasema, akaingia ndani. Hajalitaja tena hadi leo.

Mama anakusalimu sana, anasema ule na uvae soksi. Wifi yako anakusalimu, anasema kwenye picha uliyotuma umekonda na asisikie habari za kujinyima. Sista anakusalimu na kukupa pole ya msiba. Anasema baba alikuwa anakutaja kila akimfunga mguu, anamweleza kazi yako vibaya vibaya, lakini kwa majivuno.

Hapa ndipo nilipopanga kusaini. Gundi ipo mezani na kifurushi kimebaki upande mmoja. Lakini nimeshindwa kukifunga. Koti lisikufikie likiwa limebeba uongo wangu.

Nilisoma sawasawa, Kitinda. Nilikuwa nimevaa miwani, mchana, na niliusoma ujumbe wako mara mbili.

Sababu yenyewe ilianza Alhamisi moja, saa kumi za alasiri, wiki moja kabla baba hajatutoka. Mama na wifi yako walikuwa wamekwenda kuchukua dawa zake, na zamu ya kukaa naye ilikuwa yangu. Alikuwa amesinzia. Nikasema nivuke uani kwa Sista nijaribu ndoo ya tano. Ni ukuta mmoja tu, akiita nitasikia. Sista mwenyewe alikuwa ametoka, aliniachia ufunguo.

Na kweli nilisikia. Sabuni ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kushikana, mara ya kwanza tangu nianze kuihangaikia. Baba akaita, “Fundi!” Nikajibu, “Nakuja, baba,” nikaendelea kukoroga. Akaita tena. “Nakuja!” nikasema. Mara ya tatu hakuniita mimi, alimwita mama, kwa sauti ya mtu ambaye ameshajua kuwa hakuna anayekuja. Hapo hata “nakuja” sikusema. Nilikaza macho kwenye ndoo.

Ningependa kukwambia ni kwa sababu ukiacha mwiko sabuni inakataa. Hata Sista angenitetea kwa hilo. Ukweli ni kwamba nilijua ananiitia nini. Nilikuwa nimeshamhudumia mara tatu tangu asubuhi, nimechoka, na nilitaka mlango ugongwe, mama na wifi yako wawe wamerudi, wamwahi wao. Hili sijamwambia mtu yeyote. Wewe ndiye wa kwanza.

Nilipoingia nilimkuta amekaa sakafuni, kati ya kitanda na mlango. Alijaribu kwenda mwenyewe. Koti lilikuwa limelowa kuanzia kiunoni kwenda chini. Nikapiga magoti kumwinua, mikono yangu ina povu mpaka viwikoni, ikateleza, akarudi chini tena kwa sababu yangu. Aliitazama ile mikono. Hakunikaripia. Aliniuliza, “Imekubali?” Sikumwelewa. “Sabuni,” akasema, “imekubali?” Nikamwambia imekubali, baba. Akasema vizuri. Akaningoja nifute mikono, tukajaribu tena.

Nilimbadilisha suruali. Koti alikataa kulivua, nikalipangusa kwa kitambaa chenye maji tu, likamkaukia mwilini, na siku saba baadaye ndilo tulilomvua.

Kwa hiyo harufu uliyoiomba haikuwepo. Ulipotuma ujumbe nilikwenda chumbani nikalinusa. Wino ulikuwepo, mbali, chini kabisa. Juu yake ilikuwa ile Alhamisi. Nikakuona huko uliko, peke yako, unafungua kifurushi, unauficha uso wako humo, halafu unajiuliza kaka alikuwa wapi. Nikalichukua, nikalitia kwenye ndoo. Nilitumia sabuni ile ile iliyokubali. Nililifua mara tatu na kulisuuza mara tano, nikidhani nitaitoa Alhamisi tu na gazeti nitaliacha. Sabuni haijui kuchagua. Baada ya mara ya kwanza nililinusa nikaona wino umekwenda na mkojo bado upo, na hapo ningeweza kusimama. Sikusimama.

Sikulifua kwa ajili yako. Nililifua kwa ajili yangu. Kilikuwa kitu cha mwisho kinachonukia mwili wake, kilikuwa chako, na mimi nimekifua ili usinijue.

Sikuombi ucheke safari hii. Ukitaka kunipigia na kunisema, sema yote, nitakaa kimya mpaka umalize. Ukitaka kunyamaza, nitaelewa kuwa si mtandao. Leo jioni nitamwambia na mama, kabla barua haijakufikia, asije akayasikia kwako.

Mungu akutunze ugenini, akupunguzie baridi, na akupe wa kukushika bega pale utakapolifungua koti hili.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Fundi