Matundu Nyuma ya Hedifoni

Jumatatu, 8 Septemba

Kosa la wengi wanaponunua hedifoni ni kuuliza watasikia nini. Hawaulizi ni nini hawatakisikia. Mimi nami sikuuliza, na nimekuwa mwalimu tangu ujana wangu.

Rekodi kumi na moja leo. Watoto wa madrasa hunitumia usomaji wao kwa simu, nasahihisha, narudisha. Hedifoni zangu zimechoka. Herufi za Kiarabu, swad na sin, zinakaribia kufanana. Lakini zinaziba masikio sawasawa: mtaa wote wa Majengo hutoweka, mashine ya kuchomelea vyuma, redio ya jirani, hata mume wangu akiita kutoka chumbani. Hilo la mwisho sijalilalamikia. Nimechoka kuitwa. Maji, Mama Salma. Miwani, Mama Salma. Siwezi kulisema popote, naliandika hapa.

Siku hizi ananiita mara chache. Alhamdulillahi.

Jumatano, 10 Septemba

Nilikwenda Mbotela kwa Kevo, muuza vifaa vya sauti. Akanitolea hedifoni zenye mgongo wazi. Maana yake, vikombe vina matundu kwa nyuma. Sauti haifungiwi ndani, kwa hiyo kila herufi hupata nafasi yake. Ubaya ni kwamba kelele za nje nazo huingia. Bei ni mara nne ya zangu.

"Mwalimu, hizi ni noma," akasema. "Ila jirani akikusengenya, utamsikia."

Nikamwambia wangu hunisengenya mbele ya uso wangu. Akacheka. Akaniachia wiki moja nizijaribu, simu yangu ya akiba ikabaki kwake.

Baba Salma hakuniita hata mara moja. Sukari yake imetulia, nadhani.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimezivaa. Swad ni swad. Nilikaribia kulia kwa raha.

Kisha mashine ya kuchomelea. Kisha redio. Kisha kitu kingine, humu humu ndani. Hatua moja, halafu mkwaruzo. Hatua, mkwaruzo. Nikasimamisha rekodi. Nikaenda kumwuliza. Akasema ni slipa zimelegea. Alikuwa ameshaingiza miguu chini ya shuka.

Sikuupenda ule upesi wake.

Ijumaa, 12 Septemba

Hakwenda msikitini. Alisema jua ni kali. Kulikuwa na mawingu tangu alfajiri.

Kuna harufu chumbani. Mashuka nilifua juzi.

Alasiri, nikiwa katikati ya rekodi, nimemsikia nyuma ya ukuta akijisemea njiani kwenda chooni: "Polepole, mzee. Mwache mwenzako, ana kazi."

Kwa hiyo hakupata nafuu. Aliacha tu kuita. Na mimi nilikuwa nashukuru.

Nimemwomba anionyeshe miguu. Amekataa, akageukia ukuta. Naogopa.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimemvua soksi mwenyewe. Chini ya kidole gumba cha kulia kuna kidonda, pembeni cheusi. Hakimuumi. Sukari hufanya hivyo: huua hisia za mguu, ukaoza bila mwenyewe kupata habari.

"Tangu lini, Baba Salma?"

"Nilikuita," akasema. "Ulikuwa umevaa hedifoni."

Hakusema kwa lawama. Lawama ingekuwa nafuu.

Salma, binti yetu, akaja na teksi. Wamemlaza. Daktari amezungumza juu ya kidole, kisha akazungumza juu ya mguu.

Jumatatu, 15 Septemba

Wamekata kidole. Mguu wanautazama.

Rekodi ishirini na mbili zinangoja. Sijagusa.

Jumatano, 17 Septemba

Nimerudisha hedifoni.

"Zina shida, mwalimu?"

Nikamwambia hazina. Ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuvaa. Lakini jana nilijikuta nataka kuzinunua ili zimsikilizie mgonjwa kwa niaba yangu. Matundu hayafanyi kazi hiyo. Zilinisaidia kwa sababu siku ile nilisimama nikaenda kuuliza, na hata hivyo nilikubali jibu la slipa.

Nitatumia za zamani, kikombe kimoja kikiwa nyuma ya sikio. Baadhi ya swad zitanipita. Wazazi nitawaeleza.

Ijumaa, 19 Septemba

Amerudi jana. Mguu umebaki. Anakunywa uji, anausifu kupita kiasi. Nimeihamishia meza yangu chumbani, karibu na kitanda chake. Ameniuliza kama sauti yake haitanisumbua. Nimesogeza kiti karibu zaidi.

Nje kuna mvua nyepesi.

Leo, kabla ya rekodi ya kwanza: keti chini, mvue soksi, utazame mguu wa kushoto, ule mzima.