Pasipoti ya Kifini

Borås, Uswidi
6 Novemba 1994

Mpendwa dada Helvi,

Goti lako linaendeleaje, na theluji imeshaanza huko Kuhmo? Mimi mwili haujambo, ila moyo hautulii. Nashika hiki, naacha kile. Ndiyo maana nakuandikia.

Tomas alinipeleka ofisini nikachukue uraia wa Uswidi. Inamkera kwamba mama yake ameshona mashati hapa miaka thelathini na bado hawezi kupiga kura ya bunge. Fomu alinijazia mwenyewe, ikabaki sahihi yangu tu.

Karani, mama mmoja mpole, akanikumbusha kwamba nikiwa Mswidi, uraia wa Ufini unakoma siku hiyohiyo. Nilijua, dada. Lakini kuambiwa ukiwa umeshika kalamu ni kitu kingine. Nilivaa koti langu nikatoka.

Tomas alinifuata hadi kwenye gari, akaniuliza nasubiri nini. Nikamwambia jambo ambalo hata wewe sijawahi kukuambia: nilikuja kwa miaka miwili tu, nipate pesa ya cherehani nirudi. Nikisaini, nitakuwa nimekubali kwamba sirudi.

Akaniuliza tena, "Kwa hiyo mama, mimi ulinizaa ukiwa njiani?"

Alinifikisha nyumbani, kisha siku nane hakukanyaga kwangu. Kahawa ya Jumapili nilikunywa peke yangu, nikikaa, nikisimama, nikichungulia dirishani.

Jumatatu ilibidi niende Göteborg kwenye ubalozi mdogo wetu, maana pasipoti yangu inaisha muda. Nilipotoka kwenda kituo cha treni, nikamkuta Tomas nje, gari linaunguruma. Akanifungulia mlango, akanipeleka hadi Göteborg.

Pale ubalozini binti mmoja aliniuliza kwa Kifini nilizaliwa wapi. Nikamweleza vizuri: Kuhmo, nyumba ya ng'ambo ya mto, hadi jina la baba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mama, unazungumza Kiswidi."

Tomas alinishika mkono. Pasipoti nimeiomba vilevile, itakuja kwa posta. Lakini tangu siku ile nazungumza Kifini jikoni peke yangu, kwa sauti, na maneno mengine nayatafuta siyaoni.

Nipigie simu Jumapili, dada. Usiniulize habari. Wewe zungumza tu, nami nisikilize.

Msalimie shemeji Eino, na Pirkko na wanawe. Mungu akushike mkono kwenye barafu ya hapo mlangoni.

Mdogo wako akupendaye sana,
Raili